Kutoka "Yuko" Hadi "Yupo"

Kitabu kilikuwa kimelazwa juu ya turubai kando ya njia, pale Posta jijini Dar es Salaam, kati ya kamusi iliyokatika jalada na riwaya za Kiingereza zilizochujuka kwa jua. Kilikuwa kipana kuliko vyote, na jaladani watu wadogo wadogo walijaa kama siafu waliochokozwa. Nikakinunua kwa bei ya mtumba, nikampelekea mjukuu wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Tulipokaa mkekani na kukifungua, tukagundua kuwa kuna mtoto aliyetutangulia. Alikuwa amemzungushia Wally, yule kijana anayetafutwa katika kila picha, duara kwa kalamu ya wino wa buluu. Tukafunua picha ya pili: duara. Ya tatu: duara. Kitabu kizima kilikuwa kimeshatafutwa.

Mjukuu wangu akanuna, nami nikajiona nimeuziwa maganda ya karanga. Kisha kidole chake kikatua mbali kabisa na lile duara.

"Bibi, huyu kaangushwa."

"Nani huyo, mume wangu?"

"Huyu hapa. Aliyemsukuma yuko wapi?"

Nikavaa miwani, nikainama. Jioni ile hatukuvuka picha moja. Tulimtafuta aliyesukuma, tukamtafuta mwenye mbwa, tukatafuta kofia iliyopeperushwa na upepo na kichwa ilikotoka. Lile duara lilituondolea mtu mmoja, likatuachia mamia. Toka siku ile sijaacha kuvifuatilia vitabu vya aina hiyo, na leo nataka kuvisemea, kwa sababu naamini vinatufaa Waswahili kuliko tunavyodhani, na kwa sababu za lugha yetu wenyewe.

Kwa asiyewahi kuvishika: ni vitabu vya picha ambamo maneno ni machache au hayamo kabisa. Kurasa mbili zinazotazamana hubeba picha moja kubwa ya mji, ufuko, stesheni au uwanja, na ndani yake shughuli mia zinaendelea kwa wakati mmoja. Kazi ya mtoto ni kutafuta: mtu fulani, paka, kiatu kilichopotelewa na mwenzake. Wajerumani wanakiita kitabu cha namna hii Wimmelbuch, kutokana na kitenzi chao cha kusemea vitu vinavyojaa na kupishana kama sisimizi. Sisi tungeweza kukiita kitabu sheheni.

Anayejulikana zaidi duniani ni huyo Wally. Aliyemchora, Martin Handford, alizaliwa London mwaka 1956, na alikuwa na kipaji cha kuchora halaiki za watu. Mwaka 1987 kampuni ya Walker Books ya mji huohuo ilitoa kitabu chake cha kwanza cha kumtafuta kijana mwembamba mwenye miwani ya duara, kofia ya sufu yenye kishada, na fulana ya mistari myekundu na myeupe. Wamarekani wakambadili jina wakamwita Waldo. Kwa Wafaransa ni Charlie, kwa Wajerumani Walter, kwa Wadenmark Holger. Nguo hawakumbadili. Handford aliweza kutumia hadi wiki 8 kwenye picha moja ya kurasa mbili, na ukitazama kwa makini utaona wiki hizo zilikokwenda: hakuna mtu aliyewekwa kuziba nafasi. Kila mmoja ana kisa chake.

Kwa nini Wally ni mgumu kuonekana ilhali amevaa nguo za kupiga kelele? Mwaka 1980 mwanasaikolojia Anne Treisman, pamoja na mwenzake Garry Gelade, walichapisha maelezo ambayo mpaka leo yanatajwa. Jicho linapotafuta kitu chenye sifa moja ya pekee, tuseme nyanya moja juu ya fungu la mchicha, halina kazi. Nyanya yenyewe hurukia machoni. Lakini ukitafuta kitu kinachojulikana kwa kuunganisha sifa mbili, rangi fulani pamoja na umbo fulani, huku kila kilichokizunguka kina sifa mojawapo kati ya hizo, akili hulazimika kupita kimoja baada ya kingine. Handford hutawanya wekundu na weupe ukurasa mzima, kitambaa huku, mwavuli kule, na jicho hudanganyika kila hatua. Mtu mzima huchoka. Mtoto wa miaka miwili hata haanzi, na ndiyo maana kwa maoni yangu Wally si wa kumpa mtoto mdogo sana. Wa kwangu alikuwa na minne, na bila yale maduara angekitupa.

Wadogo wana kitabu chao, na hapo ndipo Wajerumani wanapostahili heshima. Mwaka 1968 mchoraji wa Munich, Ali Mitgutsch, alitoa Rundherum in meiner Stadt, yaani kuzunguka katika mji wangu. Ndani yake hakuna hadithi iliyoandikwa. Kuna mji tu, na watu wake wakifanya ya kwao. Mwaka uliofuata kilipewa tuzo ya Ujerumani ya vitabu vya watoto, na mwenyewe akaishi kuitwa baba wa vitabu hivyo hadi alipofariki Januari 2022, akiwa na miaka 86. Uchoraji wake una siri moja ambayo huonekana ndogo. Unatazama kutoka juu, kwa mshazari, kama mtu aliyesimama ghorofa ya tatu, lakini walio mbali hawapungui kimo. Mtu wa kona ya juu ni sawa na wa kona ya chini. Basi hakuna mkubwa wa picha. Mtoto anayekojoa nyuma ya mti ana haki sawa na meneja anayeshuka garini, na mtoto anayetazama anaweza kuanzia popote bila kuambiwa kuwa amekosea.

Baada yake akaja Rotraut Susanne Berner, ambaye mwaka 2003 alianza na kitabu cha majira ya baridi, kisha kipupwe kikapisha machipuko, kiangazi na vuli, na baadaye usiku, vyote katika mji wake wa kubuni wa Wimmlingen. Kurasa zake ni za boksi gumu, za kuhimili mate na kung'ang'aniwa. Mahali ni palepale katika kila kitabu, na watu ni walewale. Mtoto humfuata mtu mmoja kutoka ukurasa hadi ukurasa, humwona akitoka nyumbani, akikosa usafiri, akiangusha kitu, akikutana na mwenziwe. Ni hadithi kama zilivyo hadithi za mtaani kwetu, ambazo hakuna mtu aliyeketi kukusimulia, unaziokota dirishani. Mwaka 2016 Berner alipata Tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo ni ya juu kabisa kwa wachoraji wa vitabu vya watoto.

Kuna kisa chake kimoja kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani ilitaka kukichapisha kitabu chake, ikaomba abadilishe vitu kadhaa, kikiwemo kisanamu cha mwanamume aliye uchi kilichowekwa kama pambo kwenye picha ya maonyesho ya sanaa. Kisanamu chenyewe hakifiki sentimita moja. Berner akakataa, na mpango ukafa. Wengi waliwacheka Wamarekani. Mimi najifunza mambo mawili. Kwanza, katika vitabu hivi hakuna pembe isiyosomwa. Hata kilicho kidogo kama punje ya mtama kitaonwa. Pili, kila jamii ina staha yake, na mji uliochorwa kwa ajili ya watoto wa Munich utabaki kuwa mji wa watoto wa Munich, hata kama hauna maneno ya kutafsiri.

Asili ya picha hizi ni ya kale kuliko vitabu vyenyewe. Katika jumba la makumbusho la sanaa la Vienna kuna mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1560 wenye watoto zaidi ya 200 wakicheza michezo zaidi ya 80. Mwaka mmoja kabla, mchoraji huyohuyo alichora kijiji ambamo kila mtu anatenda methali, zaidi ya 100 kwa jumla. Mchoro huo uko Berlin. Kila nikiufikiria naona kijiji cha pwani yetu: huku mfa maji anatapatapa, kule mchimba kisima keshaingia mwenyewe, jahazini mtu anatoka tezi kwenda omo na bado yumo ngamani, na ndani ya nyumba, mlango ukiwa wazi, mtaka cha mvunguni ameinama.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakuna somo lililowachosha watoto kama ngeli, wala lililonichosha mimi kama viambishi vya mahali: po, ko, mo. Tuliviandika ubaoni, tukaviimba, tukavitungia sentensi. Po ni mahali dhahiri. Ko ni mahali pasipo dhahiri. Mo ni ndani. Watoto walikariri, wakafaulu mtihani, wakatoka nje wakasema wanavyosema. Nimestaafu nikiamini kuwa ndivyo lilivyo, kwamba vitu hivi ni vigumu.

Mkekani na mjukuu wangu niligundua kuwa havikuwa vigumu; nilikuwa navifundisha bila kitu cha kutafuta.

Angalia kinachotokea mbele ya picha sheheni. Namuuliza, "Mbwa yuko wapi?" Hatujamwona. Tunajua tu kwamba katika mji huu yuko mahali. Hiyo ndiyo ko, na hakuna haja ya kuifafanua, kwa sababu macho ya mtoto yenyewe yanahangaika kule kusikojulikana. Anajaribu: "Yuko sokoni?" Hayuko. "Yuko kwenye maji?" Hayuko. Halafu kidole kinashuka kwa kishindo: "Yupo! Yupo hapa!" Hakuna mtoto anayepiga kidole juu ya mbwa na kusema "yuko hapa". Nimemsikiliza wangu, nimewasikiliza na wa majirani. Kidole kikigusa, ulimi huleta po. Na mbwa akiwa amejificha, masikio tu yakichungulia kapuni, husikii yuko wala yupo: "Bibi, yumo! Yumo kapuni!" Mchezo wote ni safari ya kutoka ko hadi po, na mara mojamoja kuzama katika mo. Zipo lugha zinazotosheka na neno moja kwa hali zote hizo tatu. Yetu imezitenganisha tangu zamani, kama vile ililijua jambo hili la kutafuta na kupata.

Kisha ngeli. Swali la "wapi" kwa Kiswahili si swali moja. Mtoto yuko wapi, kijiko kiko wapi, yai liko wapi, ndoo iko wapi, mwavuli uko wapi, viatu viko wapi, funguo ziko wapi, machungwa yako wapi. Kila kitu kinadai swali lake, na kwa dakika kumi mbele ya picha moja mtoto atakuwa amezipitia ngeli nyingi kuliko katika vipindi vyangu vya wiki nzima, tena kwa kutaka mwenyewe. Watoto wetu wa mijini wengi wamezoea kusema "iko" kwa kila kitu: kijiko iko wapi, yai iko wapi. Sikuwa namkatiza mjukuu wangu. Akisema "Bibi, yai iko wapi?" najibu, "Hata mimi nashangaa, yai liko wapi? Nilidhani liko kwenye kapu, kumbe halimo." Siku ya tatu au ya nne alisema "liko" yeye mwenyewe, na hakuna aliyemsahihisha.

Ongeza maneno ya pembe na vificho ambayo tumeanza kuyasahau: uvunguni, darini, kibarazani, kichochoroni, ukingoni, mkabala wa, kisogoni mwa. Ukimwambia mtoto "pale" kwa kunyoosha kidole, umemnyima yote hayo. Ukiweka mikono mapajani na kumwelekeza kwa maneno, "Mtafute nyuma ya gari la maji, kushoto kwa mwanamke aliyejitwisha ndoo," umempa lugha.

Watafiti wa malezi walikwishaliona hili kwa njia zao. Mwaka 1978 Anat Ninio na Jerome Bruner walieleza jinsi mama na mtoto mchanga wanavyocheza mchezo wa kutaja majina ya vitu mbele ya kitabu cha picha: mama anavuta macho ya mtoto, anauliza, anangoja, anathibitisha. Ni mazungumzo ya zamu, na mtoto huingia katika zamu hiyo kabla hajaweza kutamka neno kamili. Miaka 10 baadaye, mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake waliwafunza wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi namna nyingine ya kusoma vitabu vya picha: badala ya mzazi kusoma na mtoto kusikiliza, mzazi aulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au siyo, na mtoto awe msimuliaji. Mwezi mmoja ulitosha watoto hao kuwazidi wenzao katika kujieleza. Kitabu sheheni hakimwachi mzazi na njia nyingine isipokuwa hiyo. Hakuna maandishi ya kujifichia.

Jambo hilo la kukosa maandishi lina uzito wa pekee kwetu. Wazazi wengi wanaojitahidi kununua vitabu vya watoto hununua vya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kwa rangi na ubora, na jioni baba aliyechoka hujikuta anatafsiri mstari kwa mstari, au anasoma lugha ambayo mtoto haijui na yeye mwenyewe hana raha nayo. Kitabu kisicho na maneno hakimdai hata chembe ya Kiingereza. Bibi asiyejua kusoma hukaa nacho sawasawa na mwalimu. Na mama wa Kiswahili anayelea mtoto Hamburg au Berlin, ambako vitabu hivi vimejaa katika maktaba za mitaa, anaweza kukiazima kitabu cha Kijerumani leo mchana na usiku kikazungumza Kiswahili cha Tanga au cha Lamu, bila kufuta herufi.

Wanaojua vitendawili wataona kuwa sisi hatuingii ugenini. Mwaka 1992 Wamarekani wawili, mtunzi Jean Marzollo na mpiga picha Walter Wick, walianzisha mfululizo wa I Spy, ambamo vitu vya kuchezea vilipangwa studio na kupigwa picha, na chini yake yakawekwa mafumbo yenye vina yanayomwambia mtoto cha kutafuta. Kwetu fumbo na kutafuta ni ndugu siku zote. Anayetega husema "Kitendawili!", wanaotegewa husema "Tega!", na wakishindwa hutoa mji. Nimeujaribu utaratibu huo kitabuni. Mjukuu wangu hutega: "Kitendawili!" "Tega." "Nina miguu miwili na kichwa cha maboga." Nahaha kukitafuta kichwa hicho ukurasa mzima. Nikishindwa, hudai mji, nampa Bagamoyo, naye husafiri nao kidogo kabla ya kunionyesha mchuuzi aliyejitwisha kapu la maboga. Michezo ya kujificha, kibe na kombolela, tuliyocheza uani ina mizizi hiyohiyo, na watoto wa Nairobi wana brikicho yao.

Maneno mawili kuhusu simu, kwa kuwa nitaulizwa. Ipo michezo ya simu ya kutafuta vitu, na watoto wanaipenda. Ukigusa kitu sahihi, inalia na kumwaga nyota. Tofauti ni kwamba kitabu hakimwambii mtoto kuwa amepatia. Anayemwambia ni mtu aliyeketi ubavuni mwake. Hiyo kwangu inatosha.

Kwa atakayekipata kitabu cha namna hii, iwe kwenye turubai la mitumba au kwa ndugu aliyeko nje, usianze kwa kumtajia mtoto orodha. Mwache atazame kwanza, hata dakika tano, akicheka peke yake. Kwa mwenye miaka miwili, vitu viwili vya kutafuta ni vingi. Chagua vikubwa vya rangi moja. Mwenye mitatu atataka kujua nani anafanya nini. Mwenye mitano atakuuliza kwa nini, na hapo inabidi uwe na majibu, au umrudishie swali. Pokezana naye zamu: leo wewe unauliza, kesho yeye. Ukikiona kitu kabla yake, nyamaza. Na tafadhali, kalamu ikae mbali. Sisi huweka kunde juu ya kilichopatikana, tukimaliza tunazikung'uta zirudi bakulini, na picha inabaki mpya kwa anayefuata. Kwa aliye chini ya miaka mitatu tumia kitu kikubwa asichoweza kukimeza.

Sasa nije kwa wachoraji na wachapishaji wetu, kwa sababu katika maduka ya vitabu niliyoyazunguka sijakikuta kitabu sheheni cha mji wa Kiswahili.

Mwaka 1968, mwaka uleule ambao Mitgutsch alitoa mji wake Munich, Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya mbao za dari. Yeye alichora wanyama zaidi, na alikufa mapema, mwaka 1972. Lakini waliorithi mtindo wake, wale wanaoketi na brashi zao kule Msasani, wamekwisha kuchora kwa miaka mingi picha za vijiji na masoko zilizojaa watu kuanzia ukingo hadi ukingo, kila mmoja na shughuli yake, walio mbali na walio karibu wakilingana kimo. Mtu yeyote aliyesimama mbele ya picha hizo anajua kuwa zinatazamwa kwa kutafuta. Tumezifanya kuwa mali ya watalii. Zinaning'inia kwenye kuta za Ulaya, na mtoto wa Temeke hajawahi kuzikalia mkekani.

Nikipewa nafasi ya kuomba kurasa saba, ya kwanza ningeiweka Kariakoo alfajiri: muuza kahawa na birika lake, mkokoteni wa viazi umekwama, kuku katoroka tenga, konda ananing'inia mlangoni, bodaboda imebeba godoro na mwenye godoro. Ya pili kivuko cha Kigamboni, watu na mbuzi na magari wakisubiri geti. Ya tatu ua wa nyumba ya Uswahilini, mlango wa kila chumba wazi. Ya nne kituo cha afya siku ya kliniki ya watoto. Ya tano Forodhani jioni, vijana wakirukia baharini kwa vichwa. Ya sita shule wakati wa mapumziko. Ya saba harusi. Na katika zote, kandambili moja ya kijani inatafuta mwenzake.

Najua hesabu za uchapishaji. Boksi gumu ni ghali, rangi ni ghali, na mzazi mwenye shilingi elfu tano ana unga wa kununua. Lakini kila sebule ya nchi hii ina msumari wa kalenda. Picha sheheni moja kubwa, miezi 12 imepangwa chini yake, inaweza kuwafikia watoto wasioingia duka la vitabu maisha yao yote, kwa gharama ambayo benki na viwanda vya sabuni vinaimudu kila Desemba. Vitabu vya boksi vitafuata, vikianzia shule za awali. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza nchini mwaka 1991 ulikwishaonyesha kuwa waandishi na wachoraji wa hapa wakiagizwa kazi nzuri, na sehemu ya nakala ikinunuliwa kwa ajili ya shule, vitabu vya Kiswahili vinachapwa na vinafika.

Mchoraji unayesoma gazeti hili mwisho huu wa wiki, panda ghorofa ya tatu ya jengo lolote Kariakoo, tazama chini kwa mshazari, na uanze. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita na anajua kila mtu wa kile kitabu cha Posta. Mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu, na juma lililopita alianza kunyoosha kidole.